Mistari ya VHS Haikuwa Urembo



Kuna mtindo umeingia kwenye simu zetu, na kwa kuwa ukurasa huu umezoea kupima vitabu, nyimbo na hotuba, naomba leo tupime mtindo huo. Kijana anafunga ndoa mwaka huu. Arusi inapigwa video kwa simu nzuri, picha safi kabisa, unaona hadi jasho kwenye paji la uso la pasta. Kisha mpiga video anaipitisha katika programu kama CapCut na kuiwekea kichujio cha VHS. Rangi zinafifia, mistari myeupe inakatiza, juu pembeni linawaka neno PLAY, chini inatokea tarehe: 1996, au 1998. Wasanii wetu wa Baraka na wa hapa Misisi nao wameanza kufanya vile kwenye klipu zao. Watu wanapenda. Chini yake wanaandika: "Zamani ilikuwa tamu, bana."

Mimi nami nazitazama, tena mpaka mwisho. Lakini kila nikimaliza kuna kitu kinanikwaruza, na nimetafuta sana ni kitu gani. Leo nakisema: kichujio kinaiga makosa ya ile mashine bila kujua makosa yalitoka wapi. Kinatufundisha kupenda uzee wa bandia, wakati uzee wa kweli, yaani kaseti zenyewe za wazazi wetu, uko chini ya vitanda unaota ukungu.

Kwa wale ambao hawakuiona

Sisi tuliozaliwa kati ya vita ya 1996 na ile ya 1998 tuliikuta kaseti iko mlangoni inaaga. VCD na DVD zilikuwa zimekwisha kuingia. Wadogo zetu walio chuoni leo wengi hawakuiona kabisa. Basi maneno machache kwa ajili yao.

VHS ni kazi ya kampuni ya JVC ya Japani, iliyoitoa sokoni mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Sony kutoa Betamax. Ndani ya kaseti kuna ukanda wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa unga wa sumaku ulioshikwa na gundi. Kaseti ya kawaida ya masaa matatu, ile iliyoandikwa E-180, ina zaidi ya mita 250 za ukanda. Ndani ya mashine (wengine waliita deki, wengine video tu, wakubwa wa Kifaransa wakasema manyetoskopu) kuna ngoma ndogo ya chuma iliyoinamishwa kidogo upande, yenye vichwa vya kusoma. Ngoma hiyo inazunguka mara 25 kwa sekunde, huku ukanda ukipita pole pole, sentimita mbili na kitu kwa sekunde. Vichwa vinasoma picha kwa njia za mshazari, moja baada ya nyingine.

Makosa mengi yanatoka hapo. Ukanda uliorekodiwa na mashine moja haukai sawasawa mbele ya vichwa vya mashine nyingine, ndiyo maana kulikuwa na kitufe cha trekingi, unakigeuza kidogo kidogo mpaka chenga za kwenye kioo zinatulia. Vichwa vikishika uchafu, kioo kizima kinakuwa chenga, na fundi anafungua mashine, anavifuta kwa karatasi laini yenye alikoli. Ukanda ukinaswa, unauvuta kwa vidole taratibu kama mtu anayetoa utumbo wa samaki, unakata fasi iliyoharibika, unaunga kwa skochi. Pale kwenye kiungo, arusi inaruka: bibi arusi yuko mlangoni, mara amekaa.

Na ile saa ya mbele. Kila deki ilikuwa na saa, na deki nyingi umeme ukikatika saa inarudi 0:00, inaanza kuwaka na kuzimika mpaka mtu airekebishe. Misisi hatujafikiwa na umeme wa taifa. Mashine zilienda kwa grupu, yaani jenereta, masaa mawili matatu ya jioni, mafuta yakiisha basi. Kwa hiyo kila jioni ilianza upya saa 0:00, na hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. Watu wa kwingine walicheka kwamba mzee fulani hajui kuweka saa ya video yake. Kwetu ile 0:00 ilisema tu kwamba mafuta yamepatikana leo.

Mistari ilikuwa na fasi yake

Sasa tuje kwenye kichujio. Kosa lake la kwanza ni kwamba kinamwaga mistari sawasawa kwenye video nzima. Mistari inakuja baada ya kila sekunde kadhaa, hata watu wafanye nini mbele ya kamera. Kaseti halisi haikuzeeka hivyo. Ilizeeka zaidi pale ilipoguswa zaidi.

Ukibonyeza pauzi kwenye VHS, ukanda unasimama lakini ngoma haisimami. Vichwa vinaendelea kusugua fasi ile ile, mara 25 kila sekunde, na ndiyo maana deki nyingi zilitoka zenyewe kwenye pauzi baada ya dakika chache, ili zisile ukanda. Kurudisha nyuma na kucheza tena, kurudisha na kucheza tena, nako kunachosha fasi moja. Kaseti ya mpira iliharibika pale kwenye goli. Kaseti ya filamu ya ngumi iliharibika pale adui mkubwa anapoanguka.

Mwaka jana mama mmoja wa avenyu yetu aliniomba nimsaidie kuwasha deki yake kwenye betri ya sola, aone arusi yake iliyofanyika Uvira kabla ya vita. Picha ilikuwa safi kwa muda mrefu, kuliko nilivyotegemea. Kabla hatujafika katikati akaniambia: "Sasa utaona inaharibika. Usizime. Njo fasi mama yangu anacheza. Tuliirudisha sana ile fasi, tangu alipokufa." Na kweli, chenga zikaja, mistari ikapanda na kushuka, ndani yake unaona kitenge kinazunguka na mkono umeinuliwa. Nyimbo mbili, halafu picha ikawa safi tena.

Mtu asiyejua angesema pale kaseti imekufa. Lakini ule uharibifu ni maandishi ya familia ile. Unakuonyesha ni nani walimlilia na walikaa wapi kumtazama, bila mtu kuandika hata neno moja. Kichujio cha simu hakina bibi wa kumlilia. Kinaweka chenga juu ya keki, juu ya magari, juu ya watu wanaopita tu. Ndiyo maana nasema ni urembo: kimechukua kovu bila kidonda.

Tarehe ya 1996

Kosa la pili ni zito zaidi. Ile tarehe.

Tuanze na jambo dogo la ufundi. Tarehe ya kwenye picha ilitoka kwenye kamera, haikutoka kwenye deki. Kamera ilikuwa na betri ndogo ya saa, na betri ile ikifa, kamera inarudi kwenye tarehe ya kiwandani, mara nyingi Januari 1 ya mwaka usiohusika kabisa. Kwa hiyo kaseti nyingi zina tarehe za uongo, na wenye nyumba wanajua kwamba ni uongo.

Lakini mtengenezaji wa kichujio aliyeko mbali anapochagua 1996 au 1998, anachagua mwaka ambao kwake ni mtamu: shule, peremende, filamu ya Jumamosi. Ndugu zangu wa Fizi, 1996 kwetu ni nini? Ni mwaka ambao vita ilishuka Kivu, watu wakaingia kwenye mitumbwi usiku wakavuka Tanganyika kwenda Kigoma. Ni mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa, na Lugufu ikafuata 1997. 1998 ni vita ya pili, kabla hata vumbi la ile ya kwanza halijatulia. Wengi hawakurudi Baraka mpaka boti za kurudisha wakimbizi zilipoanza mwaka 2005, na wengine wako ng'ambo hata leo.

Sisemi kwamba katika miaka ile watu hawakucheka. Walicheka, walioana, walibatiza watoto, hata kambini. Ninachosema ni kwamba ukiweka 1996 chini ya video ya arusi kama mtu anavyoweka ua, mbele ya mama aliyezaa ndani ya mtumbwi mwaka huo, umemsomea mwaka wake vibaya. Utamu wa zamani unaouzwa pamoja na kichujio ni utamu wa watu wengine. Tuchukue mashine, sawa. Kalenda tuweke ya kwetu.

Rangi iliyobaki ng'ambo

Kuna tabia moja ya VHS ambayo hakuna kichujio kinachoiiga, na ni ile inayotuhusu sisi zaidi kuliko watu wa Ulaya.

Kongo yetu, tangu enzi za Zaire, ilifuata mfumo wa rangi wa Wafaransa, SECAM. Tanzania ilifuata PAL. Kaseti ni ile ile kwa umbo, inaingia vizuri katika mashine zote mbili. Lakini kaseti iliyorekodiwa kwa SECAM ukiiweka katika deki na televizyoni vinavyojua PAL peke yake, unapata picha nyeusi na nyeupe. Kinyume chake ni vile vile.

Sasa fikirini ziwa letu lilikuwa mpaka wa namna gani. Familia inakimbia na kaseti ya arusi ndani ya sanduku, inafika ng'ambo, inapata mtu mwenye video, inaweka, na vitenge vyote vimekuwa kijivu. Mzee mmoja hapa Misisi mpaka leo anaeleza jambo hilo kwa hakika kabisa: "Jua ilikula rangi ku mutumbwi." Ni sentensi nzuri sana na ingefaa kuwa shairi. Lakini rangi haikuliwa na jua. Ilikuwa bado imo ndani ya ukanda, imeandikwa kwa lugha ambayo mashine ya ng'ambo haikuisoma. Ukipata leo deki inayosoma mifumo yote miwili, kitenge kinarudi chekundu.

Nimetaja hili kwa sababu lina habari njema ndani yake. Kuna familia zinazoamini kaseti zao ziliharibika zamani, zikaziacha. Huenda hazikuharibika. Zinangoja msomaji anayefaa.

Sauti ya mtu mwingine

Upande wa sauti nao una hadithi yake. Katika VHS ya kawaida, sauti iliandikwa ukingoni mwa ukanda, mbali na picha. Mashine fulani ziliweza hata kufuta sauti na kuweka nyingine, picha ikabaki ilivyo. Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hilo halikubaki ufundi wa bure. Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, msimulizi aliyezungumza kwa Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na sauti yake ikasafiri kwenye kaseti. Kampala wako akina VJ Jingo kwa Kiganda. Watu hawa hawakutafsiri neno kwa neno. Walieleza, walitania, walimuonya mhusika asiingie katika ile nyumba, walimpa mzungu wa watu jina la mtaani.

Nigeria nako, filamu Living in Bondage ya 1992 iliuzwa moja kwa moja kwenye kaseti bila kupitia ukumbi wa sinema, na biashara kubwa sana ikaota kutoka pale. Kwa hiyo tunapoikumbuka VHS kama chombo cha kutazama Rambo na Commando tu, tunaipunguza. Kwa watu wa Afrika ilikuwa pia chombo cha kusemea. Mtu asiye na studio wala idhini ya mtu aliweza kuweka sauti yake juu ya picha ya Hollywood, na picha ikamtii.

Kichujio kimesahau yote haya. Kinaongeza mvumo kidogo, shhh, basi.

Ni kumbukumbu ya nani?

Nikisoma wanaume wa rika langu wakiandika juu ya video, wanaandika juu ya kibanda: turubai, mabenchi, grupu linanguruma nje, tiketi kwenye mlango, wachimbaji wametoka kwenye machimbo na matope miguuni, filamu ya Van Damme imeanza. Ni kumbukumbu ya kweli na ina harufu yake. Lakini muulizeni dada yenu. Msichana kuingia kwenye kibanda cha video jioni lilikuwa jambo la kusemwa. Mama zetu wengi hawakukanyaga kule hata siku moja.

Kumbukumbu yao ya VHS ni nyingine. Ni kaseti ya arusi, ya ubatizo, ya matanga, iliyofungwa ndani ya kitenge na kuwekwa chini ya nguo za Jumapili. Vita ikija, baba anachukua hati, mama anachukua sufuria na ile kaseti. Ni wao waliovunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Na ni vijana wa nyumbani, waseme ukweli, walioziba kile kitundu kwa skochi ili warekodi mpira. Ndiyo maana unakuta arusi inaendelea vizuri, mara wachezaji wanakimbia dakika arobaini, kisha unarudi ghafla kwenye kukata keki.

Nikipima maandishi yetu juu ya video kama mtu anavyopima fasihi, hilo ndilo pengo kubwa ninaloliona: tumeandika sana juu ya kibanda na kidogo juu ya sanduku. Na katika hivyo viwili, kilichobaki ni sanduku. Kibanda kilivunjwa zamani, filamu zake ziko kwenye intaneti, Commando ya 1985 utaipata leo hii kwa dakika tano. Ile arusi ya Uvira iko katika nakala moja duniani.

Ghala la mbegu

Hapa naomba ruhusa ya kusema kama mtu wa kilimo.

Tunapofundishwa kuhifadhi mbegu, kuna kanuni moja ya ghala ambayo wote tuliosoma kilimo tunaijua. Kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake ghalani yanaongezeka karibu maradufu. Kila unaposhusha joto kwa digrii 5, vile vile. Maana yake, unyevu na joto vikiungana, mbegu inakufa upesi, hata kama kwa nje inang'aa.

Ukanda wa VHS hauna mbali na hapo. Ile gundi inayoshika unga wa sumaku inavuta unyevu wa hewa na kulegea polepole. Inaanza kunata, inaacha uchafu kwenye vichwa, unga unabanduka na picha inaondoka pamoja nao. Ukungu nao unaingia, unauona kupitia kidirisha cha kaseti, kama vumbi jeupe pembeni mwa ukanda. Wahifadhi wengi huhesabu maisha ya kaseti kuwa miaka kumi hadi thelathini, kutegemea ilivyotunzwa. Fanyeni hesabu wenyewe: kaseti ya 1994, iliyolala nyumba ya mabati, ikavuka ziwa, ikakaa kambini, ikarudi.

Na mashine zinakwisha kabla ya kaseti. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016 kwa sababu vipuri vilikuwa havipatikani tena. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda za sumaku ambazo hazitahamishwa kabla ya 2025 zitakuwa hatarini kupotea moja kwa moja. UNESCO nayo ikatoa tahadhari yake mwaka 2019. Ule mwaka 2025 umekwisha kupita, jamani.

Lakini kanuni ya ghala ina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo ninayotaka wapenzi wa zamani waisikie. Hakuna benki ya mbegu inayotunza mbegu milele. Wanapima uotaji kila baada ya muda, na nguvu ikishuka chini ya asilimia 85 ya ile ya mwanzo, wanachukua mbegu zile, wanazipanda, wanavuna mbegu mpya. Mbegu inayotundikwa juu ya moshi kama pambo la ukumbusho, bila kupandwa, mwisho wake ni pambo tu. Kaseti ni vile vile. Kuipenda kaseti kwa kuiweka kabatini ni kuiacha ife kwa heshima.

Tufanye nini?

Sipendi uhakiki unaoishia kwenye lawama, kwa hiyo naweka pendekezo mbele ya chama.

Misisi ni mji wa watu waliotoka pande zote kwa ajili ya dhahabu: Fizi, Uvira, Kalemie, Bukavu, hata Kigoma. Masanduku yao yako hapa. Tukipata deki moja inayosoma PAL na SECAM, kifaa kidogo cha USB cha kunasa picha, kompyuta moja na betri za sola ambazo baadhi yetu tunazo tayari, kazi inaanza. Kaseti ya masaa matatu kwa ubora wa DVD inachukua karibu GB 8. Flashi moja inatosha familia nzima, na nakala ya pili ikae kwa mtoto aliye mbali.

Kuna tabia moja ya VHS ambayo itatulazimisha hapa: haiharakishwi. Kaseti ya masaa matatu inahamishwa kwa masaa matatu. Kaseti 100 ni masaa 300 ya kukaa na kutazama. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja, na ndiyo maana nasema ifanywe wenye kaseti wakiwapo. Mama akitazama, atataja majina. Yule ni nani, yule alikufa wapi, ile nyumba ilikuwa ya nani. Mtu mmoja aandike kwenye daftari. Bila majina, baada ya miaka ishirini tutakuwa na picha safi za watu wasiojulikana.

Maonyo matatu kwa sasa. Kaseti yenye ukungu usiiweke ndani ya deki wala usiirudishe nyuma, utasambaza ukungu na kuua vichwa, itenge kwanza. Usihifadhi kaseti kwa majivu au makaa kama tunavyofanya kwa maharagwe, vumbi ni adui wa ukanda. Ikae wima, fasi kavu yenye kivuli, mbali na spika kubwa kwa ajili ya sumaku. Na tatu, tukihamisha, tusifute chenga. Kuna programu zitakazojitolea kusafisha zile fasi. Waacheni akina mama waamue. Wengine watataka uso uonekane. Wengine, nadhani, watataka mistari ibaki pale walipoiweka wenyewe.

Kwa wapiga video wa arusi, ndugu zangu: endeleeni na kichujio chenu, watu wamelipa. Ila kabla ya kuandika 1996, muulizeni mama wa bibi arusi alikuwa wapi mwaka huo.

Na kwa wasomaji: aliye na deki inayozunguka, hata kama haitoi picha, aseme. Aliye na kaseti, aseme ni ngapi na zimekaa wapi. Aliye Kigoma, Bujumbura au Kalemie na anajua fundi wa zamani ambaye bado ana vipuri na macho mazuri, atuletee habari kabla ya mvua kuanza.